Utando mwembamba si unga ulionata kwenye kioo

Utando mwembamba wa nusu-kipitishi (maada inayopitisha umeme kuliko kihami lakini chini ya metali) ni tabaka la maada kama kadimiamu salfaidi, lenye unene wa nanomita chache hadi mikromita kadhaa, lililoota juu ya kioo na kushikamana nacho. Likioteshwa ndani ya bika la mmumunyo wa moto, bila umeme wala ombwe, tunasema limewekwa kwa bafu la kemikali. Maana ndiyo hiyo.

Kinachopotoshwa kila mara ni hili: kioo kikitoka kwenye bika kikiwa cha njano, kila kilicho juu yake huitwa utando. Ndani ya bika moja hutokea mambo mawili yanayogombea ioni zilezile, yaani chembe zenye chaji zilizo ndani ya mmumunyo. Ioni za kadimiamu na za salfaidi zaweza kukutana juu ya kioo, zikajipanga moja baada ya nyingine. Huo ndio utando. Au zikutane katikati ya mmumunyo, zifanye chembe zinazoelea, kisha chembe hizo ziangukie kioo. Hayo ni mashapo, hata yakikauka yakang'aa.

Amonia huwekwa ili ioni zisikutane kwa wingi katikati ya mmumunyo. Ukiidondosha kwenye chumvi ya kadimiamu, kwanza unaona ukungu mweupe wa haidroksaidi ya kadimiamu. Ongeza mpaka uyeyuke. Sasa kadimiamu imeshikwa na amonia na inaachiliwa kidogo kidogo. Thiourea, kemikali yenye salfa, huingia mwisho, nayo hutoa salfaidi polepole katika nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi. Funika bika, maana amonia ikitoroka kadimiamu huachiliwa kwa wingi na mmumunyo wote huchafuka kabla kioo hakijapata kitu. Amonia ikizidi nayo, utando hukua kwa shida. Kioo kisimame wima. Kikilala, kinapokea kila kinachozama. (Kadimiamu ni sumu: vaa glavu, na mabaki yakusanywe, yasimwagwe kwenye sinki.)

Kuchanganya utando na mashapo kunaharibu vipimo. Pengo la nishati la kadimiamu salfaidi, yaani nishati ndogo kabisa ambayo mwanga lazima uwe nayo ili ufyonzwe, ni takriban elektroni-volti 2.4, kwa hiyo utando safi hufyonza mwanga wa mawimbi mafupi kuliko nanomita 510 hivi na kupitisha ule wa mawimbi marefu zaidi. Unga hutawanya mwanga wa mawimbi yote. Mchoro wa upitishaji, unaoonyesha mwanga kiasi gani umepita katika kila urefu wa wimbi, unashuka hata pale ambapo maada yenyewe haifyonzi, na pengo linalokokotolewa humo halina maana. Unene unaopatikana kwa kupima uzito nao huongezeka bure, hasa ikisahaulika kwamba utando huota pande zote mbili za kioo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika "utando", suuza kioo kwa maji yaliyotoneshwa, kisugue taratibu kwa pamba iliyolowa, futa upande wa nyuma kwa asidi hafifu ya haidrokloriki, kisha ubandike utepe wa gundi na kuubandua. Kilichobaki kwenye kioo ndicho cha kupima. Kilichotoka na pamba, tafadhali kiite mashapo.