Je, wajua kwa nini kipepeo adimu wa Bwindi halindwi kwa idadi peke yake?

Katika ua wowote wa Uganda wenye mlimau au mchungwa, ukiyachunguza majani machanga unaweza kumkuta kiwavi mdogo anayefanana na kinyesi cha ndege. Huyo hukua na kuwa Papilio demodocus, kipepeo aliyeenea karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, na ambaye mkulima wa machungwa humhesabu kuwa mdudu mharibifu. Ana ndugu wa jenasi moja naye, Papilio leucotaenia, aliyepewa jina la Kigiriki lenye maana ya utepe mweupe kwa sababu ya mkanda wenye weupe wa maziwa unaopita juu ya mabawa yake ya kiza. Huyu wa pili hapatikani mahali pengine duniani ila katika misitu ya milimani ya Ufa wa Albertine, yaani kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi na Kivu, mashariki mwa Kongo. Kwetu Uganda, ngome yake ni msitu wa Bwindi.

Tofauti ya ndugu hawa inaanzia kwenye makazi. Kipepeo huishi maisha mawili, na kila moja lina mahitaji yake. Jike wa jenasi hii hatagi popote: hutua juu ya jani, hulipigapiga kwa miguu ya mbele yenye uwezo wa kuonja, na kama si mmea ambao kiwavi wake anaweza kuula, huruka akaendelea kutafuta. Akishakuwa mpevu, kipepeo huhitaji maua yenye nekta, na madume hukusanyika kwenye matope ya kingo za vijito kufyonza chumvi ambayo hawaipati kwenye maua. Kipepeo wa msitu wa milimani hutaka hayo yote yawe karibu, chini ya kivuli na unyevu wa mwinuko fulani. Ndiyo maana shamba la misonobari au la chai, hata likiwa la kijani mwaka mzima, kwake ni sawa na jangwa. Bwindi ina ukubwa wa kilomita za mraba 321 tu, lakini huanzia mwinuko wa mita 1,160 na kupanda hadi 2,607 pasipo msitu kukatika, jambo ambalo ni nadra sana Afrika Mashariki. Joto likiongezeka, kiumbe anaweza kusogea juu bila kutoka msituni, ingawa kilele nacho kina mwisho wake.

Sasa tuje kwenye lile lisiloonekana kwa macho. Wakulima wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wamezoea kupanda maharage ya aina nyingi katika shamba moja, mekundu, meusi na ya madoadoa, kwa kuwa ugonjwa au mvua nyingi vikija, aina moja hufa na nyingine husimama. Jeni za vipepeo, yaani vinasaba wanavyorithi kwa wazazi wao, hufanya kazi hiyohiyo. Miongoni mwao wapo wanaostahimili ukame kidogo zaidi, wapo wanaoshinda vimelea fulani, na akiba hiyo ya tofauti ndiyo inayowavusha salama majira yanapobadilika.

Akiba hiyo hupungua kwa hesabu inayojulikana. Kundi la vipepeo 10 wanaozaliana ovyo hupoteza takriban asilimia 5 ya tofauti zake za jeni katika kila kizazi, kwa bahati tu, kwa maana si kila mzazi hurithisha kila alichonacho. Baada ya vizazi 10 hubakiwa na kama asilimia 60. Kundi la 500 kwa muda huohuo hubakiwa na asilimia 99. Basi vipepeo 500 waliogawanywa katika vipande 50 vya msitu visivyofikiana hawana uzito sawa na 500 wanaokutana, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo linalosahaulika mno tunapojipongeza kwa kuhesabu wanyama wetu.

Madhara yake yamethibitishwa. Katika visiwa vya Åland, Finland, watafiti walifuatilia makundi 42 ya kipepeo mdogo wa malishoni, na katika mwaka mmoja makundi 7 yalitoweka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba makundi yaliyokuwa na tofauti chache za jeni yalikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ndugu walipozaana, mayai mengi hayakuanguliwa na viwavi wachache waliokoka.

Kwa hiyo nafasi iliyo kati ya misitu ina thamani sawa na misitu yenyewe. Bwindi na milima ya Virunga imetenganishwa na takriban kilomita 25 za vilima vilivyolimwa hadi kileleni, na kati yake umebaki msitu mdogo wa Echuya. Mistari ya miti ya asili kando ya vijito na kwenye mabonde yasiyolimika inaweza kumpa kipepeo mahali pa kutua, na kipepeo mgeni mmoja anayefika na kuzaa huleta jeni ambazo kundi lilikwisha kuzipoteza.

Kupima akiba hii hakuhitaji kumuua kipepeo. Mguu mmoja huweza kutoa DNA ya kutosha, naye huachiwa akaruka. Hata vielelezo vikavu vinasaidia: Walter Rothschild alimwelezea Papilio leucotaenia mwaka 1908, na mkusanyo wake wa vipepeo ukaenda kwenye jumba la makumbusho London. Mguu wa kipepeo aliyekamatwa enzi hizo unaweza kulinganishwa na wa kipepeo anayeruka Bwindi leo, ili ijulikane ni jeni zipi zilizopotea katika muda huo na zipi zilizobaki.