Dawa za tezi dume "zimemaliza nguvu": nguvu zipi?

Kijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwenye mabenchi ya kliniki, utasikia kauli ileile: ukishaanza dawa za tezi dume, au ukipasuliwa, nguvu za kiume ndiyo basi. (Wapo pia wanaosema "mzee ana tezi dume" kana kwamba ni ugonjwa. Kila mwanamume anayo. Ugonjwa ni kutanuka kwake.) Kuna wazee wanaoacha vidonge kwa sababu ya kauli hiyo, mpaka siku mkojo unapogoma kabisa na kuwekewa mpira.

Tezi dume ipo chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Ikitanuka, inaibana njia. Tiba ama inalegeza misuli ya hapo, ama inaisinyaza tezi, ama inakwangua nyama iliyoziba. Zote zinaweza kugusa tendo la ndoa, ila hazigusi mahali pamoja, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Hamu ni jambo moja, kusimama ni jingine, kufika kileleni ni la tatu, kutoka kwa shahawa ni la nne. Moja likiharibika, mengine matatu yanaweza kuwa salama kabisa.

Chukua tamsulosin, dawa ya kulegeza misuli inayoandikwa sana. Mzee anasimamisha vizuri, anafika kileleni, halafu anaangalia: matone mawili, au hakuna kitu. Anashtuka. Mama naye anaanza kujiuliza zile nyingine zimemalizikia wapi. Hazijamalizikia popote. Kwa kawaida, wakati wa kumwaga, shingo ya kibofu hujifunga kama koki ili shahawa zielekee nje. Misuli hiyo ikilegezwa, shahawa zinaweza kurudi kwenye kibofu na kutoka baadaye na mkojo, ambao siku hiyo unaonekana na ukungu. Au mirija na vifuko vinavyozisukuma navyo vinalegea, zinatoka kidogo mno. Haidhuru mwili. Katika majaribio ya dawa yenyewe, kwa dozi ya miligramu 0.4, tatizo la kumwaga liliwapata takriban 8 kati ya 100. Silodosin, ndugu yake, ni kali zaidi kwa hilo: takriban 28 kati ya 100. Dawa ikiachwa, kwa kawaida hali inarudi.

Upasuaji wa kukwangua kwa kamera kupitia njia ya mkojo unaleta hali hiyohiyo kwa wagonjwa walio wengi, na hapo huwa ni ya kudumu, kwa sababu shingo yenyewe ya kibofu imeachwa wazi. Lakini mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita nje ya tezi, pembeni, na kamera inafanya kazi ndani. Ndiyo maana wengi wanaendelea kusimamisha kama walivyokuwa kabla. Hadithi za kutisha mara nyingi zinatoka kwa waliotolewa tezi nzima kwa sababu ya saratani. Huo ni upasuaji mwingine, kwa ugonjwa mwingine, na huko mishipa hiyo kweli iko hatarini.

Penye ukweli tuseme. Finasteride na dutasteride, dawa za kusinyaza tezi, zinazuia testosteroni isigeuzwe kuwa ile homoni kali inayokuza tezi. Hizi zinaweza kupunguza hamu, kusimama na wingi wa shahawa. Si kwa kila mtu: katika jaribio kubwa la finasteride, mwaka wa kwanza tatizo la kusimama liliripotiwa na takriban 8 kati ya 100 waliomeza dawa, na karibu 4 kati ya 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa. Wapo wachache wanaosema halikuisha hata baada ya kuacha, na wasikilizwe.

Anayetaka bado mtoto aseme mapema, kabla ya kukwanguliwa. Mwenye kudhani kwamba sasa amepata uzazi wa mpango wa bure naye asijidanganye. Mbegu chache zinaweza kupita.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukirudi kwa daktari usimwambie tu kwamba nguvu zimeisha. Mwambie kama ni hamu, au kusimama, au shahawa ndizo hazitoki, maana kwa kila moja kuna hatua yake: kubadilishiwa dawa, kupunguziwa dozi, au kuelezwa tu kwamba hakuna kilichoharibika. Na kama ni hilo la mwisho, pita mbali na duka linalokuuzia sildenafil, dawa ya kusimamisha uume, bila kukuuliza unameza nini. Haitakurudishia hata tone moja, na ikikutana na tamsulosin inaweza kukushusha presha ghafla ukaanguka usiku ukienda chooni.