Je, wajua kwa nini sheria ya kushusha riba nchini Kenya iliwanyima mikopo wafanyabiashara wadogo?

Tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Benki yaliyopelekwa bungeni na Mbunge wa Kiambu, Jude Njomo. Kuanzia katikati ya Septemba mwaka huo, benki haikuruhusiwa kutoza riba inayopita riba elekezi ya Benki Kuu, yaani kiwango ambacho Benki Kuu huweka ili kuongoza riba za benki, kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Riba elekezi ilikuwa asilimia 10.5, kwa hiyo kikomo kikawa 14.5. Siku chache baadaye Benki Kuu iliishusha hadi 10, na kikomo kikateremka nayo hadi 14. Amana nazo ziliwekewa kiwango cha chini: asilimia 70 ya riba elekezi, yaani 7. Kabla ya hapo mikopo ya benki ilitozwa wastani wa asilimia 17 au 18, na mwenye duka dogo mara nyingi alilipa zaidi ya 20. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Mwishoni mwa 2017, mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa ikikua kwa chini ya asilimia 3 kwa mwaka, ilhali katikati ya 2014 ilikua kwa karibu asilimia 25. Tusiibebeshe sheria hii mzigo wote. Kasi ilianza kupungua mapema, hasa baada ya Imperial Bank kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoyumba, Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016, matukio yaliyozitia benki hofu. Lakini kuna jambo ambalo hofu hiyo peke yake haielezi, nalo ni nani aliyeachwa nje. Benki Kuu ilipochunguza athari za kikomo mwaka 2018, ilikuta idadi ya mikopo imepungua huku wastani wa ukubwa wa mkopo ukipanda. Maana yake fedha zilikuwa zikitoka, ila zilikwenda kwa wakopaji wakubwa.

Jibu limo ndani ya hesabu ya mkopo mmoja, kwa hiyo tuipige. Chukua mkopo wa Sh50,000 unaolipwa kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 14, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua. Mkopaji atalipa karibu Sh4,490 kila mwezi. Mwaka ukiisha benki imepata riba ya takriban Sh3,870, wala si Sh7,000 kama wengi wanavyodhani, kwa sababu deni linapungua kila mwezi.

Sasa toa gharama. Fedha hizo ni amana za wateja wengine, na sheria ilidai walipwe asilimia 7. Hapo Sh1,920 zimeondoka. Tuseme wakopaji 5 katika kila 100 wanashindwa kulipa wakiwa nusu ya safari. Hasara hiyo ikigawanywa kwa wote ni Sh1,250 kwa kila mkopo. Zimebaki Sh700. Kisha kuna kazi yenyewe: ofisa mikopo kwenda dukani, kuhesabu bidhaa, kuuliza majirani, kusoma daftari la mauzo, kukagua historia ya madeni, kuandaa mkataba, na kupiga simu mwezi wenye malipo yaliyochelewa. Ukiikadiria kazi hiyo yote kwa Sh2,500 tu, ambacho ni kiasi kidogo, benki inapata hasara ya karibu Sh1,800. Kwa makadirio haya, mkopo huo unarudisha gharama zake riba ikipita kidogo asilimia 20.

Rudia hesabu hiyo kwa mkopo wa Sh5,000,000. Riba ni takriban Sh387,000, gharama ya amana Sh192,000, na hasara ya wasiolipa kwa kiwango kilekile Sh125,000. Zinabaki Sh70,000. Hata kazi ya ofisini ikigharimu Sh20,000, benki bado ina faida ya Sh50,000. Riba ni ileile 14, sheria ni ileile, ila mkopo mmoja ni biashara na mwingine ni hasara. Gharama ya kumjua mkopaji haipungui kwa kadiri mkopo unavyopungua, na hapo ndipo mama mboga anapoachwa.

Kulikuwa pia na mteja mwingine mlangoni: serikali. Mwaka 2017 hati za Hazina za siku 364, ambazo serikali hukopea fedha, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 11, na hazihitaji ofisa wa kwenda kukagua duka. Kati ya 11 hizo na kikomo cha 14 kulikuwa na pointi 3 tu za kufidia kazi na hatari yote ya kumkopesha fundi wa jua kali, yule mwenye karakana ndogo isiyo rasmi. Ofisa yeyote mwenye akili angechagua serikali, na hatuwezi kumlaumu.

Kikomo kilileta tatizo jingine ambalo wengi hawakuliona. Kwa kawaida Benki Kuu hushusha riba elekezi ili mikopo iongezeke. Chini ya sheria hii, kila ilipoishusha, ilishusha na kikomo. Julai 2018 riba elekezi ilifika asilimia 9, kikomo kikawa 13, na kundi la wakopaji ambao riba yao haikutosha kufidia gharama za kuwakopesha likapanuka zaidi. Dawa ya kuamsha uchumi ikawa inauongezea usingizi.

Mtu atauliza: basi kabla ya kikomo, mbona wengi walikataliwa hata walipokuwa tayari kulipa asilimia 25? Swali zuri. Mwaka 1981 wanauchumi Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walionyesha kwamba benki isiyoweza kumtambua mkopaji mwema na mbaya haiwezi kuendelea tu kupandisha riba. Riba ikizidi sana, mwenye biashara ya uhakika yenye faida ndogo anajiondoa. Anayebaki ni mwenye mradi wa kubahatisha, au asiye na nia ya kulipa, ambaye kwake 25 na 40 ni sawa. Benki inaishia na kundi baya zaidi kwa bei ya juu zaidi. Kwa hiyo husimamisha riba mahali fulani na kuwakataa waliobaki. Kikomo cha 2016 hakikuanzisha ugonjwa huo, lakini kilisogeza mstari wa kukataliwa hadi kwa watu waliokuwa tayari wanakopa na kulipa vizuri.

Waliokataliwa hawakuacha kuhitaji fedha. Wengi walikwenda kwenye simu. M-Shwari, iliyoanzishwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Tozo hiyo iliitwa ada ya huduma, si riba, na kikomo hakikuigusa. Ukikopa Sh5,000 unalipa Sh375 juu yake. Ukirudia kila mwezi kwa mwaka mzima umelipa Sh4,500, yaani asilimia 90. Kampuni nyingine za mikopo ya simu hazikuwa benki kabisa, na kanuni za kuzipa leseni zilikuja 2022 tu. Sheria iliyotungwa kumkinga mkopaji mdogo dhidi ya asilimia 20 ilimwacha mbele ya 90.

Hata hivyo mikopo hiyo si hasara tupu. Watafiti Tavneet Suri, Prashant Bharadwaj na William Jack waliwalinganisha Wakenya ambao alama zao za ukopaji zilipita kidogo kiwango cha kukubaliwa na wale waliokikosa kidogo. Watu hao hawatofautiani sana, ila mmoja anapata mkopo na mwingine hapati. Familia zilizokubaliwa zilikuwa na uwezekano mdogo, kwa pointi 6.3 za asilimia, wa kuacha matumizi yao zinapopatwa na msukosuko kama ugonjwa. Simu imeweza hivyo kwa sababu inamjua mkopaji bila kumtembelea: inasoma jinsi anavyoitumia na historia ya miamala yake.

Sacco, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, nazo hupunguza gharama hiyohiyo kwa njia ya zamani zaidi, na kwa maoni yetu zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko zinavyotazamwa. Nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, yaani 12 kwa mwaka, chini ya kikomo kile, na hakuna aliyezilazimisha. Mkopo kwa kawaida haupiti mara tatu ya akiba ya mwanachama. Wadhamini ni wanachama wenzake, watu wanaojua kama analipa madeni, na akiba zao huguswa akitoroka. Malipo mara nyingi hukatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Kazi ya ofisa inafanywa na majirani bure. Udhaifu wake ni kwamba lazima uweke akiba kwa miezi kadhaa kwanza, na asiye na mshahara hupata shida kupata wadhamini.

Mapema Novemba 2019 Bunge lilishindwa kupata theluthi mbili ya kura za kupinga msimamo wa rais, aliyetaka kikomo kifutwe, na tarehe 7 kikafutwa. Benki zilitakiwa kuwasilisha kwa Benki Kuu fomula za riba zinazozingatia hatari ya kila mkopaji. Miezi minne baadaye korona ikaingia Kenya, maduka yakafungwa, na ofisa mikopo aliyekuwa ameanza tena kuzunguka sokoni akarudi ofisini.