Kinyonga jike mchanga akinyong'onyea

Kinyonga huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu huliwa. Kwa hiyo ukimkuta jike wako amefumba macho saa sita mchana, hali hiyo haikuanza leo. Kinyonga mwenye afya hulala usiku tu. Mchana macho yake huzunguka, kila moja kwa njia yake.

Kabla ya yote mimi huuliza umri. Jike wa kinyonga wa Yemen, mmoja wa wanaofugwa zaidi majumbani, anaweza kuanza kubeba mayai akiwa na miezi 4 hadi 6, hata kama hajawahi kukutana na dume. Mayai hayo hayataanguliwa, lakini ni lazima yatoke. Mfugaji humwona bado mtoto, akahangaika na dawa za minyoo, kumbe tumbo limejaa mayai. Kama huna hakika ni jike, tazama visigino vya miguu ya nyuma: dume wa aina hii huzaliwa na kijidutu pale, jike hana.

Mwenye mayai hunenepa ubavuni, rangi yake hukoza na kutoa madoa ya njano na ya buluu, hula kidogo kidogo hadi kuacha kabisa, kisha huanza kushuka chini na kukwaruza kila pembe. Maadamu macho yako wazi, anakunywa maji na anatembea kwa nguvu, hana ugonjwa. Anatafuta mahali pa kutagia. Akiacha kuhangaika na kujilaza chini, macho yamefumba na vidole havishiki, basi mayai yamekwama. Hapo ni daktari siku hiyo hiyo. Atapiga eksirei, atampa kalsiamu na maji, na pengine atalazimika kupasua.

Mara nyingi mayai hukwama kwa sababu jike hakupata pa kuchimba. Weka beseni lenye kina na upana wa sentimita 30 au zaidi, ulijaze mchanga safi uliochanganywa na udongo usio na mbolea. Lowesha mpaka ukifinyanga tonge lishikamane bila kuchuruzika maji. Kisha toboa kwa kidole shimo la mshazari: likiporomoka, ongeza maji, maana handaki lake nalo litaporomoka naye yumo ndani. Beseni likae kizimbani tangu afikishe miezi 4. Akianza kuchimba, funika mbele ya kizimba kwa shuka. Jike anayejua anatazamwa huacha shimo, na akiliacha mara mbili tatu huenda asitage kabisa. Kazi hii inaweza kumchukua siku nzima au zaidi, na wakati mwingine hulala humo humo. Usimtoe.

Chanzo cha pili ni kalsiamu, nacho kimefungamana na cha kwanza. Maganda ya mayai huchota kalsiamu mwilini mwake, na misuli isiyo na kalsiamu haina nguvu ya kuyasukuma nje. Jike mchanga bado anajenga mifupa, kwa hiyo huishiwa upesi. Mtazame akivuka kijiti chembamba. Mkono kati ya kiwiko na kifundo unapaswa kunyooka. Ukijipinda kama upinde, au akitetemeka, akijishika mguu wake mwenyewe badala ya tawi, au ulimi ukitoka nusu na kumkosa mdudu, mifupa imeanza kulainika. Usimbane wala kumng'oa kwenye tawi, maana mfupa laini huvunjika kirahisi.

Dawa ya kudumu ni taa na unga. Wadudu wapakwe unga mwepesi wa kalsiamu isiyo na vitamini D3 karibu kila mlo. Kalsiamu yenye D3 na unga wa vitamini mchanganyiko, mara mbili tu kwa mwezi kila kimoja, kwa kuwa D3 ikizidi nayo hudhuru. Bila UVB, yaani mionzi isiyoonekana iliyomo kwenye mwanga wa jua, mwili hautaitumia kalsiamu hiyo vizuri. Kwa taa ndefu ya UVB aina ya T5, yaani mrija mwembamba, iliyoandikwa asilimia 5 au 6, acha sentimita 20 hadi 25 kati yake na mgongo wa kinyonga, na uibadilishe kila mwaka: huendelea kuwaka hata UVB ikiwa imefifia. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii, kioo huizuia UVB.

Sasa maji. Sehemu ngumu ya kinyesi inayofanana na chokaa iwe nyeupe. Ikiwa ya rangi ya chungwa, ana kiu ya muda mrefu. Nyunyizia majani dakika 5 au zaidi, mara mbili tatu kwa siku, na uweke chupa ya kudondosha tone moja moja juu ya jani. Kumtumbukiza kwenye maji kunamtisha bure. Kumwagia maji mdomoni ni hatari zaidi: tundu la hewa liko mbele, karibu na shina la ulimi, na maji huishia mapafuni.

Chakula kisubiri. Tumbo lililokauka na lenye baridi halisagi kitu, na mdudu aliyeshindiliwa huozea ndani. Hakikisha kwanza chini ya taa ya joto kuna nyuzi 27 hadi 29, na usiku kuna giza kamili.

Mdomo wazi chini ya taa, ngozi imepauka, ni joto kali. Mdomo wazi penye ubaridi, kichwa kimeinuliwa, pumzi inatoa mlio au ute, ni ugonjwa wa mapafu. Huo hauponi bila daktari.

Mpime kwa mizani ya gramu kila asubuhi kabla hajala. Akipoteza asilimia 10 ya uzito, mimi sisubiri tena. Nenda na kinyesi kibichi kwenye kichupa safi, picha ya kizimba kizima, umri wa taa na makopo ya unga unaotumia. Msafirishe ndani ya boksi lenye matundu na kijiti cha kushika, ulifunike kwa kitambaa, gizani hutulia.