Eti zamani watoto hatukuugua

Tuliokulia kwenye ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na moshi wa koroboi tunapenda kusema: "Sisi tulicheza pekupeku mvuani, na wala hatukuugua." Raha ile ilikuwa ya kweli, naikumbuka. Ila wanaosimulia ni waliobaki. Tanzania ya miaka ya 1960, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, zaidi ya 200 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5; utafiti wa 2022 ulihesabu 43. Surua, malaria, pepopunda na kuhara viliwamaliza. Chanjo na vyandarua vimepunguza sana misiba hiyo. Bibi yangu akiulizwa idadi ya wanawe alikunja vidole taratibu: "Nimezaa tisa, ninao watano." Wawili walikwenda na surua, juma moja.