Je, wajua kwa nini bangi inauzwa dukani Denver ilhali sheria ya Marekani inaikataza?

Denver, jimboni Colorado, maduka ya bangi yana mabango, leseni na kodi yanayolipa. Lakini sheria ya taifa ya mwaka 1970 inaikataza bangi Marekani nzima, na Colorado haijahama. Inakuwaje?

Jibu la vijiweni ni kwamba majimbo ya Marekani yana uhuru wake, hivyo sheria ya jimbo hushinda ya taifa. Ni kinyume kabisa. Ibara ya 6 ya katiba yao inasema sheria ya taifa ndiyo kuu, hata mbele ya jaji wa jimbo. Tena jambo hili lilishapimwa na bangi hiyohiyo. Mwaka 2002, mwanamke mmoja wa California alikuwa na miche sita nyumbani, ya kutibia maumivu yake, kwa ruhusa ya daktari. Polisi wa eneo lake waliikagua wakaona sheria ya jimbo haijavunjwa. Maofisa wa taifa waliokuja nao hawakukubali, na baada ya mabishano ya saa kadhaa miche iling'olewa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2005, kwa kura 6 dhidi ya 3, majaji wakasema Kongresi, yaani bunge la taifa, inaweza kukataza hata hiyo, kwa mamlaka yake juu ya biashara kati ya majimbo. Miche sita ambayo haikuuzwa popote! Kwa hiyo wapiga kura wa Colorado mwaka 2012 walifuta katazo la jimbo lao tu. La taifa hawakuligusa, wala wasingeweza.

Sasa, mbona maduka hayafungwi? Fikiria mwenye shamba aliyekataza ng'ombe wasipite kwake. Ni haki yake. Ila hawezi kumwamuru kijana wa jirani alilinde shamba hilo. Kijana akikataa, katazo halijafutika, na ng'ombe akikamatwa ni kosa lilelile. Kilichopungua ni macho. Mwenye shamba akitaka ulinzi, aajiri walinzi wake.

Serikali ya taifa, kule Washington, ina walinzi wachache. Sehemu kubwa mno ya polisi wa Marekani ni wa miji, kaunti na majimbo, na hao haiwezi kuwaamuru. Msingi ni Marekebisho ya 10 ya katiba, ya mwaka 1791, yanayoyaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo taifa halikukabidhiwa. Mwaka 1997 masherifu (wakuu wa polisi wa kaunti) wawili, wa Montana na Arizona, walishinda kesi walipogoma kuwachunguza wanunuzi wa bastola kwa agizo la Kongresi. Mwaka 2018 ikaja zamu ya kubeti: New Jersey ilishinda kwa hoja kwamba Kongresi inaweza kukataza kubeti kwenyewe, lakini haiwezi kulizuia bunge la jimbo lisifute katazo lake.

Kuamuru haiwezi, kushawishi kwa pesa inaweza. Mwaka 1984 ilitishia kukata fedha za barabara kwa jimbo litakaloruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe. Majimbo yote yakakubali, mengine kwa kununa.

Wahamiaji wako pabaya zaidi, maana uhamiaji uko mikononi mwa taifa. Mwongozo wa serikali ya taifa wa mwaka 2019 unasema wazi kwamba kuvuta bangi, au hata kuajiriwa katika duka lake lenye leseni ya jimbo, kunaweza kumkosesha mtu uraia.