Tangi la matumbawe likikomaa, kinakoma nini?

Jumapili iliyopita shemeji yangu wa Uyole alipita nyumbani, hapa hapa Mbeya, kuchukua mbegu za viazi. Akasimama mbele ya tangi langu la matumbawe, lile la kioo lenye maji ya chumvi, kofia mkononi kama mtu aliyeingia kanisani, akatazama weee. Kisha akasema, "Shem, sasa hili limekomaa. Kazi imekwisha, wewe ni kukaa na kutazama tu." Nikamjibu "ndaga", asante ya Kinyakyusa, maana mgeni hapingwi kabla ya chai.

Lakini huyo ni wa nne mwaka huu. Muuza samaki mmoja wa Mwanjelwa humwambia kila mteja kwamba tangi "likishakomaa" hujiendesha lenyewe, na hilo analisema kuhusu tangi la wiki tatu. Kijana mwingine alinionyesha picha kwenye simu, matumbawe yameshonana kioo hadi kioo, yote ameyaingiza mwezi mmoja, akaniuliza: "Limekomaa, au siyo bro?" Nikaona niandike.

Maana kwanza, haraka haraka. Tangi lililokomaa ni lile ambalo viumbe wake wadogo, wengi wao hatuwaoni, wamekwisha kupata makao yao, kiasi kwamba uchafu unaozaliwa humo unaliwa humo humo bila maji kuyumba. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, wamejaa kwenye vitundu vya mawe. Ule utando wa kahawia wa wiki za mwanzo umepita, nyuzi za kijani zilizoufuata zimepungua, na mwani mgumu wa rangi ya zambarau umetambaa juu ya mawe na kwenye vioo vya nyuma. Ukimulika tochi usiku, vidudu vidogo vinatimua mbio mchangani. Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 hivi. Hayo mengine ni miezi, mara nyingi mwaka na ushee. Na tumbawe, kwa asiyejua, si jiwe wala si ua. Ni kundi la wanyama wadogo wenye minyiri, wanaojijengea mifupa ya chokaa na kufuga ndani ya miili yao mwani wa kuwatengenezea sukari kwa mwanga.

Umeona kwamba katika maana hiyo matumbawe hayakuhusika kabisa. Tangi linaweza kukomaa likiwa na tumbawe moja tu pembeni, na linaweza kujaa pomoni likiwa bado bichi. Kujaa ni habari ya nafasi, na mwenye fedha anaweza kujaza tangi kwa siku moja.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, maana hapo ndipo panaponiwasha.

Komaa linaonekana limetoka kwa koma. Ndugu zake wanajulikana: komesha, kikomo, ukomo, kukoma hedhi, na lile "koma!" la mama kwa mtoto anayechezea moto. Ile -aa ya mwisho tunaikuta pia kwenye chakaa, duwaa, zubaa, shangaa, zagaa, maneno ya hali inayokifikia kitu na kukikalia. Kwa hiyo ukilisikiliza vizuri, komaa ni kufika pale ambapo kukua kumekoma. Shemeji hakulitoa hewani lile "kazi imekwisha". Alilitoa ndani ya neno.

Na kwa mahindi yuko sahihi kabisa. Shika hindi la shambani mwezi wa tano, pukuchua punje moja, igeuze uitazame kitako pale iliposhikana na gunzi. Ukikuta kidoa cheusi, hindi limekomaa. Kidoa kile ni mlango uliofungwa: njia ya chakula kutoka kwenye gunzi imeziba, punje haiongezi kitu tena, kilichobaki ni kukauka. Hapo kukomaa na kukoma ni kitu kimoja, unakiona kwa macho.

Parachichi nalo lina somo lake, na watu wa Rungwe na Njombe wanalijua kuliko mimi. Parachichi hukomaa likiwa mtini lakini haliivi mtini. Laweza kuning'inia limekomaa, gumu kama rungu, mpaka ulichume ndipo lianze kulainika. Na ukubwa haukuambii kitu. Wanunuzi wa kusafirisha nje hukata tunda, hukausha kipande cha nyama yake, hupima kimebaki uzito gani baada ya maji kutoka. Tunda kubwa lililojaa maji hurudishwa, dogo lenye mafuta hupita. Watu haohao wanaojua hivyo juu ya parachichi wakifika mbele ya kioo cha maji ya chumvi wanaona ukubwa na wingi, wanasema limekomaa. Hilo ndilo sielewi.

Tena tuna maneno mengine, hayakutosha? Kuna kupevuka, kuna kuiva, kuna kuzeeka, kuna kukonga. Tangi nalo huzeeka bila kukomaa. Namjua mtu mwenye tangi la miaka mitatu ambaye kila akiona ukoga anatoa mawe yote na kuyasugua kwa dawa ya kung'arishia nguo. Kila mara anaua bakteria wote na kuanza upya, wiki ya kwanza tena. Tangi lake lina umri wa miaka mitatu na ukomavu wa miezi miwili.

Sasa kinakoma nini tangi la matumbawe likikomaa? Nimelifikiria swali hili kwa muda, nikiwa na ndoo mkononi. Kinachokoma ni kuyumba, hicho tu. Kukua hakukomi. Ndiyo kwanza kunapamba moto, na kukua ndiko kunakoleta kazi.

Tangi langu ni la lita 400, lina miaka mitano. Mwaka wa kwanza nilikuwa napima alkali, ile kaboneti ya majini inayohesabiwa kwa digrii za KH, kwa wiki mara moja, na ilikuwa haisogei. Matumbawe yalikuwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vilivyokuzwa tangini huko Dar, yangejenga mifupa mingapi? Leo hii tangi hilohilo linakula digrii 2 za KH kwa siku. Na haziendi peke yake. Kwa kila digrii 2.8 zinazoliwa, kalsiamu miligramu 20 kwa lita huondoka nayo, kwa kuwa vyote viwili ndivyo vinavyofanya chokaa ya mifupa. Pampu ndogo hudondosha dawa ya kurudisha usiku na mchana. Mwaka jana nilikwenda msibani Iringa, siku mbili tu, kimpira cha pampu kikajikunja nyuma ya kabati. Nilirudi nikakuta alkali imetoka 8.4 hadi 6.1, na ncha za matawi ya tumbawe la Acropora zimekuwa nyeupe kama zimechovywa kwenye unga wa sembe. Tangi la mwaka wa kwanza lisingegundua hata kama nimesafiri. Hilo "lililojaa na kukomaa" ndilo lililoumia kwa siku mbili.

Kisha kuna maji kupita. Matawi yakishonana, mkondo unazunguka nje tu. Ndani kati ya matawi maji yanatuama, uchafu unajikusanya, mwanga haufiki, na tumbawe linaanza kufa kuanzia shinani huku juu linachanua. Ukilitazama kwa mbele ni bustani. Ingiza kidole nyuma, utatoa tope jeusi.

Na vita. Matumbawe hayapendani. Galaxea mchana imekaa kistaarabu, usiku inatoa minyiri mirefu myembamba kama nyuzi za buibui, urefu kuliko kiganja, ikimtafuta jirani imchome. Matumbawe laini hayachomi, hutema kemikali majini, na hizo huwezi kuziona hadi jirani anyauke. Ndiyo maana kwenye njia ya maji naweka kaboni, mkaa maalumu wa kuchujia. (Si mkaa wa jikoni, tafadhali. Nimeshaulizwa.)

Halafu sisi tuko juu huku. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, na kila mpika maharage anajua maji huku huchemka mapema, kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, na maharage hayaivi upesi. Hewa nyepesi ileile inayochelewesha maharage ndiyo inayofanya maji yashike oksijeni pungufu kuliko pwani, karibu sehemu moja katika tano. Usiku matumbawe, samaki na bakteria wote wanavuta oksijeni na mwani wao hautengenezi, hakuna jua. Umeme ukikatika saa nane ya usiku, tangi lenye vipande vichache linaweza kungoja asubuhi. Lililoshonana halingoji. Nimeweka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, na bado nikisikia kimya cha friji usiku naamka.

Mwezi wa sita na wa saba ni balaa lingine. Baridi inaingia, hita mbili zinahangaika kushika nyuzi 25, sisi tumefunga madirisha na jiko la mkaa liko ukumbini. Hewa chafu ya jiko inayeyuka majini, na pH ya asubuhi inashuka kutoka 8.2 hadi 7.8, yaani maji yanaelekea uchachu. Nilihangaika mwezi mzima na dawa kabla sijagundua kwamba dawa ni kufungua dirisha. Jiko likahamia uani, jambo ambalo hata bila matumbawe lilitakiwa. Msimu huohuo nilimwambia mpwa wangu aongeze "maji baridi" kufidia yaliyopotea kwa hewa kavu, kwa sababu chumvi haipotei, yanayopotea ni maji matupu. Naye, kijana mtiifu, akaenda kuchota ya kwenye friji. Kosa langu, Kiswahili kilinisaliti. Siku hizi nasema maji yasiyo na chumvi, tena ya uvuguvugu.

Kwa hiyo kila baada ya wiki chache napogoa. Ndiyo, kupogoa, neno la watu wa chai. Mchai wa Mufindi ukiuacha tu unakuwa mti mrefu, hakuna mchumaji atakayefikia majani. Unapogolewa ili ubaki meza ya kuchumia, na ni shina lililokomaa linaloweza kukatwa hivyo likachipua. Najifunga glavu na miwani, kwa kuwa baadhi ya ndugu wa matumbawe, wa jamii ya Palythoa, wana sumu isiyo ya mchezo, na jiwe lenye hao halichemshwi kamwe, mvuke wake umelaza watu hospitali. Kisha nashika koleo la kukatia. Tawi la Acropora linakatika kwa mlio wa biskuti. Ute mzito unatoka, unanata kwenye vidole, na chumba kizima, huku kilomita mia nane na zaidi kutoka Dar, kinanuka ufukwe wakati maji yamekupwa. Vipande navigandisha kwenye vijiwe kwa supa gluu. Vingine nawapa watu, vingine vinarudi tangini mbali na jirani mgomvi. Nikimaliza, tangi linaonekana kama shamba lililovamiwa na ng'ombe. Mke wangu huwa anauliza kama nimelipunguzia bei.

Na wiki tatu baadaye, kila palipokatwa pamefunikwa ngozi mpya, na ncha nyeupe za kukua zimetokeza pembeni ya kidonda. Hapo, shemeji, ndipo ninaposema limekomaa. Nalisema kwa kuwa limekatwa likakaa sawa, maji hayakuchafuka, hakuna aliyekufa. Tangi la wiki tatu la muuza samaki ukilikata hivyo ukoga unalifunika kesho yake.

Vijana wa stendi ya Kabwe wana komaa yao nyingine. Gari limegoma kuwaka, konda anamwambia mwenzake anayesukuma: "Komaa, komaa nalo!" Anamaanisha endelea, usiachie. Walimu wa Kiswahili wanaweza kukunja uso, maana hapo neno limegeuka likaelekea kinyume cha koma. Mimi nimelipenda. Kwa tangi la matumbawe lililojaa, komaa ya Kabwe inafaa kuliko komaa ya mahindi.

Shemeji amepiga simu jana, anakuja tena mwisho wa mwezi na mtoto wake atazame samaki. Karibu sana, shem. Ukilikuta limeshonana, sema tu limejaa, nitaitikia na chai utapata. Ukilikuta limekatwakatwa, mimi nina koleo mkononi na ndoo miguuni, hapo useme limekomaa, halafu unishikie hiyo ndoo.